Siku Moja ya Yumiko

Siku ile walikuwepo Mwaitu Nduku, mwenyekiti wetu, Mama Wavinya na mkaza mwanawe, aliyekuwa mjamzito na ambaye alikatazwa kuchimba akachimba, Mzee Kitonyi na jembe lake la meno, jino moja likiwa limevunjika, Nzioka wa baiskeli, mapacha wa Kimeu, waliohesabiwa kama mtu mmoja kwa sababu ya kucheza sana, baba mdogo Muthama, akiwa na koti, na Yumiko. Wenye nyumba tulikuwa watatu: mdogo wangu Kioko, kitinda mimba wetu Ndanu, na mimi, Mumbua.

Msomaji hana haja ya kuwashika wote. Amshike Mwaitu Nduku, baba mdogo, na Yumiko. Mimi ndiye ninayepaswa kuwashika wote, kwa sababu kwetu Ndithini deni la mwethya haliandikwi popote. Mwethya ni majirani wanaochimbiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kazi ikiisha, mwenye shamba husimama mbele ya watu na kumtaja kila aliyekuja, na kila jina analolitaja ni siku moja anayodaiwa. Ukisahau jina, umemwibia mtu siku ya maisha yake. Kwa hiyo nimeyataja majina haya nikikamua maziwa, nikipepeta mahindi ya muthokoi, nikingoja usingizi, na kila nilipolipa siku ya mtu niliongeza “amelipwa” baada ya jina lake.

Majuzi Mumo, binti wa Ndanu, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka wangu akitazama katuni katika simu ya mama yake. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, na harufu ya udongo uliokunywa maji ikaingia mlangoni.

“Mama mkubwa,” akaniita, “hawa watu wanapanda nini kwa maji?”

Nikainama kutazama. Watu waliochorwa walikuwa wameinama katika mstari mmoja, matope hadi magotini, milima nyuma yao. Ndanu, mwanamke mzima mwenye duka lake Tala, aliacha kikombe cha chai akapiga kelele kama msichana: “Watu wa Yumiko!” Mimi nikaenda stoo nikavitoa viatu vya huyo Yumiko kwenye msumari wake.

Mwaka ule wa Yumiko, mama alikuwa amemfuata baba kaburini. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wengi wa rika langu wanajua miaka ile ilivyokuwa, na nyumba ngapi zilibaki na watoto peke yao. Mimi nilikuwa darasa la saba. Niliacha shule siku ya Jumatatu, bila kumwambia mtu, kwa kutokwenda tu. Kulikuwa na ng’ombe wa kukamua, Ndanu wa kuvalishwa, na Kioko wa kufukuzwa aende shule, maana naye alitaka kuacha kama mimi.

Baba mdogo Muthama aliuza mitumba Tala. Alitupenda, na alikuwa na mpango. Kioko angekwenda Athi River kwa binamu yetu aliyefanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Ndanu angekaa kwake Tala. Mimi ningetafutiwa nyumba ya kufanyia kazi. Shamba lingekodishwa.

“Mumbua, mimi si adui yako,” aliniambia akiwa ameketi kwenye kigoda cha baba. “Lakini watoto watatu hawawezi kuwa boma. Hili shamba liko kwa mteremko. Mvua ikikuja na hakuna matuta, udongo wote utashuka mpaka kwa mto. Utalima nini? Mawe?”

“Nitachimba matuta.”

“Wewe na nani?”

“Na mwethya.”

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Baba na mama walikuwa katika mwethya. Hakuna aliyejua kama nafasi yao ilikuwa imekufa pamoja nao.

“Sawa,” akasema. “Zamu yenu ikifika, nitakuja mimi mwenyewe. Watu wakija, narudi Tala peke yangu. Wasipokuja, narudi na hawa wawili.”

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Mwaitu Nduku. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na huyu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyovuka mabonde bila kuchoka. Nilimkuta akichambua kunde, na hakunikaribisha kuketi.

“Mwethya haiendi kwa mtoto,” alisema. “Inaenda kwa boma.”

“Mimi niko na boma.”

“Boma ni nani?”

“Ni mimi, na Kioko, na Ndanu.”

“Na utalipa?”

“Nitalipa.”

“Na mikono gani?”

Nikamwonyesha. Aliigeuzageuza kama mtu anayenunua mahindi sokoni. “Hii mikono bado iko na kalamu ndani,” akasema. “Kesho kuja kwa Mama Wavinya. Tutaona kama kalamu itatoka.”

Ilitoka. Kiangazi chote nilichimba mashamba ya wengine, nikilipa siku ambazo baba na mama waliacha wakidaiwa. Kazi yenyewe tunaiita fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo wote unautupa upande wa juu, ukuta uote pale, maji yasimame. Kuutupa chini ni rahisi. Kuutupa juu ndiko kunakompima mtu. Malengelenge yalipasuka, yakakauka, yakawa ngozi nyingine, na siku moja Mzee Kitonyi akasahau kunipimia kipande kifupi, akanipimia sawa na chake. Sikumkumbusha.

Yumiko alikuja katikati ya kiangazi hicho. Alikuwa msichana wa Kijapani aliyeletwa na mradi wa maji, na alikaa katika chumba nyuma ya kanisa. Kazi yake ilikuwa kupima mistari ya mitaro kwa kamba na chupa ya maji, ili mtaro usiiname upande mmoja. Akishamaliza kupima, badala ya kuketi kivulini kama wageni wengine wa miradi, alichukua jembe. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kikiwa kimepigwa pasi. “Je, mmeamkaje, akina mama?” alisema kila asubuhi, na akina mama waliangua kicheko, kwa sababu kilikuwa Kiswahili cha redioni, na kumbe mtu anaweza kukisema akiwa amesimama mtaroni.

Lakini habari kubwa ya Yumiko, kwa watoto wa kijiji kizima, ilikuwa miguu yake.

Alivaa viatu vya kitambaa cha buluu vilivyopanda hadi juu ya kifundo, vyenye vishikizo vidogo vya chuma nyuma. Na mbele viligawanyika. Kidole gumba kilikuwa na nyumba yake, na vingine vyote vilikuwa katika nyumba nyingine. Alipokanyaga udongo laini aliacha alama kama ya mbuzi mkubwa sana.

“Mumbua,” Ndanu alininong’oneza mara ya kwanza alipomwona, akiwa ameng’ang’ania sketi yangu. “Huyu mama, huku chini ni mbuzi.”

Nilimfinya anyamaze. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nikitazama.

Kioko, aliyekuwa na majibu ya kila kitu, alieleza kwamba kwao kuna milima mikali sana, na Mungu si mjinga, amewapa watu wa kule kwato wasiteleze. “Mwalimu alisema kila mnyama ameumbwa kulingana na pahali anaishi,” akasema. Alimfuata Yumiko siku nzima akingoja avue viatu. Yumiko hakuvua. Alikula navyo, alipumzika navyo. Ndanu, ambaye woga wake uligeuka huruma, alimchumia majani mabichi akampelekea wakati wa chakula. Yumiko aliyapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akayachomeka kwenye utepe wa kofia yake.

“Anaweka ya baadaye,” Ndanu akaja kuniambia, ameridhika.

Basi ikafika zamu yetu.

Baba mdogo aliingia asubuhi mapema na koti lake la mitumba la rangi ya majivu. Alitusalimu vizuri. Kisha, ili asichelewe gari kama watu wasingekuja, akaanza kukunja nguo za watoto na kuzitia katika gunia. Za Kioko ziliingia. Za Ndanu hazikuonekana. Tulitafuta hadi chini ya kitanda. Ndipo nikaona Ndanu amenenepa: alikuwa amevaa nguo zake zote, gauni juu ya gauni, na sweta juu ya yote, na amesimama katikati ya uwanja akitokwa jasho.

“Hakuna ya kufunga,” alimwambia baba mdogo. “Zote ziko na mtu ndani.”

Baba mdogo akalifunga gunia likiwa na za Kioko tu.

Jua lilipanda. Nilikuwa nimepika uji sufuria kubwa na ukaanza kutengeneza ngozi juu. Njia ilikuwa tupu. Nilikuwa nimesahau, kwa hofu, kitu nilichokijua vizuri: watu wa mwethya hawaji mmoja mmoja. Hukusanyika kwanza kwa mtu mmoja, wakaja pamoja, na wakachelewa pamoja kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo daima alikuwa Nzioka, ambaye baiskeli yake ilipata pancha hata alipokuwa akiisukuma. Kwa hiyo nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba hawaji. Kioko alikuwa ameketi juu ya gunia la nguo zake ili lisibebeke.

Kisha nikasikia sauti ya Mwaitu Nduku ng’ambo ya bonde, ikiongoza wimbo, na sauti nyingine zikimwitikia.

Walitokea kwenye kona ya mlonge wakiwa na majembe mabegani. Yumiko alikuwa wa mwisho, na chupa yake na kamba yake, akijaribu kuimba maneno ambayo hakuyajua. Sikukimbia kuwapokea. Nilikuwa mwenye boma, nilisimama mlangoni kama mama alivyosimama, mikono nimeifunga, nikasema, “Karibuni kazi.”

Mwaitu Nduku alimwona baba mdogo. “Na huyu wa koti?” akauliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. “Amekuja kuchimba ama kufungisha harusi?”

“Mimi nimekuja kuangalia tu, mwaitu.”

“Kuangalia! Hapa hatuna watazamaji. Hata mgeni wa Japani hatazami. Ama mikono yako imezoea kukunja suruali za watu peke yake?”

Watu wakacheka. Akina mama wakautia ule mzaha ndani ya wimbo palepale, mwenye koti, mwenye koti, mtaro unakungoja, na baba mdogo akavumilia beti mbili, wa tatu ukamshinda. Akalitundika koti kwenye tawi. Alichimba vibaya mwanzoni, udongo wake ukishuka chini, na Mama Wavinya akimwita “mwalimu wa kushuka”. Kufikia adhuhuri ulikuwa ukipanda.

Waliuchimba mteremko wetu mstari baada ya mstari. Yumiko alivuta kamba yake kutoka mwisho hadi mwisho, akaishika chupa usawa wa jicho, akasema “Hapo!” na majembe yakaanguka pamoja. Mtaro wa mwisho ulifika kwenye mpaka jua likiwa bado lina nguvu. Nikasimama mbele yao, nikaanza kutaja. Nilipofika kwa Yumiko nilisita. Sikujua kama mgeni anatajwa.

“Taja,” Mwaitu Nduku alisema. “Kwani hakuchimba?”

“Yumiko,” nikasema. “Siku moja.”

“Na mwenye koti?”

“Baba mdogo Muthama. Siku moja.”

Baba mdogo alipangusa shingo. Gunia alilikung’uta, nguo za Kioko zikaanguka kitandani, akalikunja likiwa tupu. “Nitarudi mvua ikianza,” aliniambia mlangoni, koti mkononi, shati limejaa udongo. “Nitamuuliza mwenyekiti kama umewalipa. Kuitwa boma ni siku moja, Mumbua. Kulipa ndiyo boma yenyewe.”

Nikalipa. Nilichimba kwa Mama Wavinya. Nilichimba kwa Mzee Kitonyi, kwa Mwaitu Nduku na kwa Kimeu. Kwa Nzioka nilibeba mchanga wa kujengea choo, akasema siku ni siku. Nilipanda gari hadi Tala, nikashinda nikimfulia baba mdogo mitumba, naye akajifanya hanijui mbele ya wateja ili nisione haya. Majina ya wanaonidai yalipungua. Akabaki Yumiko, na Yumiko hakuwa na shamba.

Ndipo likaja tangazo kanisani kwamba mradi unamalizika na Yumiko anarudi kwao, na kwamba kabla ya kuondoka angetuonyesha sinema. Ililetwa runinga na mashine ya video nyuma ya gari la mradi, na jenereta ikawekwa nje, mbali, karibu na choo. Madirisha tuliyaziba kwa blanketi na leso ingawa ilikuwa mchana. Watu walijaa, wengine na kuku wao, maana walikuwa njiani kwenda sokoni.

Tulitarajia kuona watu halisi. Zilikuwa picha za kuchorwa. Wazee walinung’unika kwamba hizo ni za watoto. Lakini ilianza kwa kilima, na kilima kile kilikuwa na matuta kutoka chini hadi juu, na mnung’uniko ukakatika.

“Ai! Nani aliwapimia?” Mzee Kitonyi akauliza.

Ilikuwa habari ya mwanamume wa makamo aliyerudi kijijini kwao kufunga nyumba ya bibi yake aliyefariki. Alitembea chumba hadi chumba akisukuma milango, na kila mlango aliousukuma, akatokea mtoto wa kiume akikimbia, akiiba tunda, akianguka kwenye tope. Kisha mtoto akapotea, mwanamume akabaki peke yake na ufagio. Maneno yalikuwa ya Kijapani. Yumiko alisimama kando akijaribu kutueleza, lakini Mwaitu Nduku alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu kwa njia yake na alitafsiri kwa sauti kubwa kuliko ya jenereta.

“Huyo mtoto ni wa nani?” Kioko aliuliza.

“Ni yeye huyo huyo mzee,” Yumiko akajibu. “Anakumbuka.”

Ndanu hakukubali. Aliamini kwamba wawili wale waliishi katika nyumba moja bila kujuana, mmoja akiingia mwingine anatoka, na kila mara alimpigia mtu mzima kelele: “Geuka! Yuko nyuma yako!” Wakati ule nilicheka. Siku hizi, nikifunga dirisha la chumba kile cha watoto, huwa nageuka.

Kulikuwa na matunda mekundu yaliyoanikwa kwa nyuzi chini ya paa. “Nyanya,” Mwaitu Nduku alitangaza. “Hawana soko karibu.” Kulikuwa na watu wakipanda majani ndani ya maji. “Mpunga,” akasema Nzioka, aliyewahi kufika Mwea. Walipanda katika mstari, wakifuata kamba iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, kamba kama ya Yumiko. Na miguuni, wote, kuanzia bibi hadi mtoto, walikuwa na viatu vile.

“Kijiji chote,” Kioko alinong’ona. “Nilikwambia.”

Kisha bibi aliyechorwa akamaliza kazi. Akafika kwenye kizingiti cha nyumba yake, akaketi, akaanza kufungua vile vishikizo vya nyuma, kimoja kimoja, polepole. Hakuna mtoto aliyepumua kanisani. Kiatu kikatoka. Mguu ukaonekana.

Ndanu alipanda juu ya benchi. “Vitano!” alipiga kelele, mikono juu. “Wako na vidole vitano! Mumbua, ni watu!”

Kanisa lilivunjika kwa kicheko. Yumiko, aliyekuwa hajui lolote kuhusu kwato zake, alimtazama Ndanu, akatazama miguu yake, akaelewa, akaketi chini sakafuni akacheka hadi machozi. Kisha, mbele ya watu wote, akafungua vishikizo akavua kiatu kimoja, akatikisa vidole. Mapacha wa Kimeu walihesabu kwa sauti.

Kwa sababu ya kelele hizo, wengi hawakuona kilichofuata kwenye runinga. Mimi niliona. Bibi yule, miguu ikiwa wazi, alianza kukunja vidole vya mkono, na kwa kila kidole alisema neno.

“Anasema nini?” nikamuuliza Yumiko.

“Anataja waliokuja kumpandia,” akajibu, akipangusa macho. “Atakwenda kwao pia. Kwetu, hii inaitwa yui. Ni mwethya yenu.”

Mwaitu Nduku akanigeukia. “Umesikia, Mumbua? Hata huko, siku inalipwa.”

Alisema akitabasamu. Mtu mzima angeuona mzaha. Mimi nilikuwa na majina kichwani na baba mdogo njiani, na sikuuona. Nilichosikia ni kwamba Yumiko analo shamba, liko kwa mama yake, linapandwa ndani ya maji, na nisipolipanda ndugu zangu wataondoka.

“Japani ni mbali kuliko Athi River?” nilimuuliza Kioko tukirudi nyumbani.

“Mbali kidogo,” alisema Kioko, ambaye hakuwa amefika hata Athi River. “Kuna maji katikati. Lakini kwanza, wewe unajua kupanda mpunga?”

Sikujua. Na mtu haendi mwethya ya watu bila kujua kazi, akaaibishe boma lake. Kwa hiyo kesho yake, Kioko alipotoka shule, tulishuka silangani. Silanga ni bwawa letu la udongo, na mwisho wa kiangazi maji yake hurudi katikati na kuacha mkanda wa tope pembeni, jeusi, laini, lenye harufu ya chuma na samadi. Tulivuta kamba ya mkonge kutoka kijiti hadi kijiti. Tuling’oa nyasi ndefu badala ya mpunga. Tukakunja nguo, tukaingia, tukainama, tukaanza kupanda. Ndanu alizama hadi kiunoni akatolewa, akazama tena kwa kupenda.

“Aiee! Nyinyi! Mnaharibu silanga!” Ilikuwa sauti ya Mwaitu Nduku juu ya ukingo. Alikuwa na Yumiko, wakizunguka kuaga watu. “Hizo nyasi mnapandia nani? Viboko?”

Tulisimama, tope likitutiririka. Kioko alinisukuma. Ikabidi niseme.

“Tunajifunza mpunga,” nikasema. “Yumiko alituchimbia siku moja. Nataka nikienda kwa mama yake nijue.”

Mwaitu Nduku akageuka. Alimtazama Yumiko.

Yumiko hakucheka. Alikuwa ameiona ile kamba ya mkonge. Angeweza kusema neno ambalo kila mtu mwema angesema: hapana, mtoto, mimi sikudai, ilikuwa msaada tu. Nilikuwa nikilingoja neno hilo na kuliogopa, kwa sababu boma halisamehewi siku. Mtoto ndiye anayesamehewa.

Aliketi ukingoni, akafungua vishikizo, akaviweka viatu pembeni vimetazama njia, akaingia topeni na vidole vyake vitano.

“Mstari umepinda,” alisema. “Mama yangu atakasirika sana.”

Akatuonyesha. Miche michache tu, ishikwe kwa kidole gumba na viwili vya mbele, isukumwe hadi vidole vizame, iachwe. Na kurudi nyuma. Unapanda ukirudi nyuma, usikanyage ulichokwisha kupanda. Tulipanda hivyo, sote wanne, hadi ile nyasi ya bure ikasimama wima kama darasa, na Mwaitu Nduku akakunja leso yake akaingia pia, akilalamika kwamba maji ni baridi na kwamba Wajapani wana migongo ya chuma.

“Mama hupanda mwezi wa tano,” Yumiko aliniambia tulipokuwa tukinawa. “Nitamwambia kwamba Mumbua anatudai—” Akajirekebisha, maana Kiswahili kilimkimbia alipochoka. “Kwamba tunamdai Mumbua siku moja.” Kisha akavichukua vile viatu kwa mikono miwili, akanipa. “Bila hivi utateleza. Uje navyo.”

Akaondoka siku mbili baadaye, garini, akiwa amevaa malapa ya Tala.

Mvua ilianza wiki ileile. Maji yalishuka mteremko wetu, yakafika kwenye mtaro wa kwanza, yakasimama. Baba mdogo alikuja katika mvua hiyo, amejifunika karatasi ya nailoni juu ya koti, na akamkuta Mwaitu Nduku ameketi jikoni kwetu, amekuja kuomba moto.

“Mwenyekiti,” akasema, “nimekuja kuuliza. Huyu amelipa?”

“Amelipa.”

“Wote?”

“Amebakisha mmoja.”

Baba mdogo akanitazama.

“Nani?”

“Yumiko. Siku yake iko Japani. Mwenyewe ameikubali, mimi ni shahidi, na dhamana ile pale.” Akaelekeza kidole kwenye viatu vilivyotundikwa msumarini. “Sasa wewe nikuulize. Ukiwatawanya hawa watoto, huyu Tala, yule Athi River, siku ya watu atalipa nani? Wewe?”

“Mwaitu, kwani mimi—”

“Unajua kupanda mpunga?”

“Sijui.”

“Hawa wanajua. Basi boma likae mpaka deni liishe. Hiyo ndiyo sheria.”

Hakukuwa na sheria kama hiyo. Baba mdogo alijua, na Mwaitu Nduku alijua kwamba anajua. Baba mdogo akavua koti, akalitundika kando ya viatu vile vya kwato, akaomba chai. Hakuzungumzia gunia tena.

Boma likakaa. Kioko alikulia hapa, akaenda Athi River alipotaka mwenyewe, na hurudi kila Krismasi kulalamikia chai ya kule. Ndanu alisoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo naona limetutosha wawili, yeye na mimi. Baba mdogo tulimzika kwa heshima. Mwaitu Nduku alifariki mwaka huu, na nilichimba mtaro wa shamba la mwanawe bila mtu kunitaja, kwa sababu huyo sikumaliza kumlipa hata nilipommalizia.

Viatu huwa naviosha kila mara kabla ya mvua na kuvipaka mafuta kwenye vishikizo visishike kutu. Siku ile ya katuni nilimpa Mumo avijaribu. Alitembea navyo uwanjani, akageuka kutazama alama alizoacha topeni, akacheka.

“Mama mkubwa, utaenda lini?”

“Mwezi wa tano.”

“Wa mwaka gani?”

Ndanu akanitazama juu ya kikombe, akingoja. Nilivichukua viatu, nikavikung’uta, nikavirudisha kwenye msumari. Usiku ule, kama kawaida yangu, nilianza kutaja. Mwaitu Nduku, amelipwa. Mama Wavinya na mkaza mwanawe, wamelipwa. Mzee Kitonyi, amelipwa. Nzioka, mapacha wa Kimeu, baba mdogo mwenye koti, wamelipwa.

Yumiko, bado.